Dwarka, mji wa Krishna: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka maswali ni yaleyale. Yanatoka kwa wanafunzi wetu wapya walioko Rajkot na Jamnagar, India, na kwa ndugu wanaosindikiza wagonjwa Ahmedabad. Wamesikia habari za Dwarka, wangependa kuiona, ila wanaogopa kukosa adabu katika nyumba ya watu. Mimi si Mhindu. Nilisoma Jamnagar, nikaenda Dwarka mara nyingi, na haya ninayoyaandika nimeyapata kwa kuuliza, kukaa na kutazama, na kusahihishwa na wazee wa pale.

Dwarka iko wapi?

Iko kwenye ncha ya magharibi ya rasi ya Saurashtra, ambayo wazee wetu wa Kihindi huku Afrika Mashariki wakiiita Kathiawar, katika jimbo la Gujarat. Kutoka Jamnagar ni kama kilomita 130 kwa basi au kwa treni ya Okha. Sensa ya 2011 ilihesabu watu wasiofika 40,000, kwa hiyo ni mji mdogo ambao asubuhi moja inatosha kuuzunguka kwa miguu. Ukifika pwani na kutazama magharibi, mbele yako ni Bahari ya Uarabuni tu.

Kwa nini mji mdogo hivi unaheshimiwa na Wahindu wa kila mahali?

Kwa sababu huu ndio mji wa Krishna, mungu wa Wahindu aliyeishi duniani kama mtu, alipokuwa mfalme. Krishna mtoto, yule wa kuiba siagi na kupiga filimbi, ni wa Mathura na Vrindavan, kaskazini ya India. Dwarka ni ya Krishna mtu mzima, mwenye mke, majukumu na watu wa kuwalinda.

Masimulizi yanasema Krishna alimuua Kansa, mjomba wake aliyekuwa mtawala dhalimu wa Mathura. Jarasandha, baba mkwe wa Kansa, akaapa kulipa kisasi. Akaushambulia mji mara 17, na kila mara akarudishwa nyuma. Mwishowe Krishna aliona watu wake wanateketea kwa ugomvi usiokwisha. Akawachukua wote, akawavusha nchi nzima mpaka ukingo wa bahari, akawajengea Dwarka. Ndiyo maana moja ya majina yake ni Ranchhod, yaani aliyeikimbia vita.

Jina hilo lilinishangaza nilipolisikia mara ya kwanza. Lakini Gujarat nzima limejaa: maduka, malori, watoto wanaitwa Ranchhod kwa fahari kabisa. Mwenye kuujua msemo wetu wa kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, ataelewa mara moja.

Zaidi ya hayo, Dwarka ni mojawapo ya Char Dham, vituo vinne vya hija kwenye pembe nne za India. Vingine ni Badrinath kaskazini, Puri mashariki na Rameswaram kusini. Imo pia katika Sapta Puri, miji saba mitakatifu, na ndipo ilipo Sharada Peeth, kituo cha watawa cha magharibi kati ya vinne ambavyo mapokeo yanasema viliasisiwa na mwanafalsafa Adi Shankara.

Mbona hekalu hufungwa mchana?

Kwa sababu mwenye nyumba anapumzika. Nisemavyo hivi sitanii. Hekalu kuu linaitwa Dwarkadhish, yaani Mfalme wa Dwarka, na wenyeji hawalichukulii kama jumba la mikutano ya ibada. Ni nyumba yake, na yeye yumo. Alfajiri anaamshwa kwa nyimbo, anaogeshwa, anavishwa nguo za siku hiyo, analetewa chakula, anapokea wageni. Akila, pazia hufungwa, kwani hakuna mwenye heshima anayekodolewa macho akiwa mezani. Karibu saa saba mchana milango hufungwa, alale kidogo. Hufunguliwa tena kama saa kumi na moja jioni, na usiku, yapata saa tatu na nusu, anaagwa. Siku za sikukuu ratiba hubadilika.

Ukilishika hili moja, kwamba mji huu una mwenyeji na wengine wote ni wageni wake, mambo mengi ya Dwarka yatakufungukia bila mwalimu. Watu hawaendi "kusali" kwa maana tuliyoizoea. Wanakwenda kupata darshan: kumwona na kuonwa naye. Mtu husafiri siku mbili kwenye treni kwa ajili ya sekunde chache mbele ya pazia lililofunguliwa, kisha akatoka uso umelowa machozi.

Basi wanaabudu sanamu?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini. Jibu la wenyewe ni hili: jiwe likitoka kwa mchongaji ni jiwe. Baada ya ibada maalumu ya kuliomba Uungu uingie na kukaa ndani yake, linaitwa murti, na kuanzia hapo linahudumiwa kama mtu aliye hai. Mhindu anaweza kukwambia katika pumzi moja kwamba Mungu hana umbo wala mipaka, na kwamba amekubali kukaa hapa, katika jiwe hili, ili mimi na wewe tupate pa kumwangalia. Usikubaliane naye kama imani yako haikuruhusu. Lakini mjibu kwa kile anachokiamini yeye, si kwa kile ulichoambiwa kuwa anakiamini.

Bendera ile kubwa ni ya nini?

Hapa nitakaa kidogo, maana bendera ndiyo Dwarka yenyewe. Hekalu lililopo sasa, lenye ghorofa tano na kuba refu lililochongoka, kwa sehemu kubwa ni la karne ya 15 na 16. Juu ya ncha yake hupepea bendera ya pembe tatu ya wari 52, karibu mita 47 za kitambaa, yenye alama za jua na mwezi: maadamu viwili hivyo vipo, jina la Krishna litakuwapo. Ukimwuliza mzee kwa nini 52, atakuhesabia vidoleni: manazili 27 ya mwezi, buruji 12, sayari 9 na pande 4 za dunia. (Waliosoma falaki ya Kiarabu kwetu watauliza manazili ya 28 imekwenda wapi. Hesabu ya Kihindi ni 27.)

Jambo la ajabu ni kwamba bendera haikai. Kwa desturi ya muda mrefu hubadilishwa mara kadhaa kwa siku, kila siku ya mwaka, na kila bendera imetolewa na familia fulani iliyoweka nadhiri: mtoto amepona, mashamba yamepata mvua, kijana amerudi salama kutoka ughaibuni. Zamu hizo hungojewa kwa muda mrefu.

Simama kwenye uchochoro wa sokoni uone. Kwanza utasikia ngoma na zumari. Kisha familia inatokea, ukoo mzima, wanaume wa Kiahir, jamii ya wafugaji, wamevaa nguo nyeupe na vilemba, wanawake wamefunika vichwa kwa shali nyekundu na nyeusi. Katikati yao kuna kikapu chenye bendera iliyokunjwa, na kikapu kinahama kutoka kichwa hadi kichwa ili kila mmoja aibebe japo hatua kumi. Mara moja nilimwona bibi mmoja aliyekuwa akitembelea mkongojo. Walipomtwika alimpa mjukuu fimbo yake, akacheza. Alicheza kweli, mikono juu, macho yamefumba, mpaka mwanawe akamshika kiuno asianguke.

Wakifika hekaluni bendera hukabidhiwa Mabrahmani, watu wa tabaka la makuhani, wa ukoo wa Aboti, wenye kazi hiyo. Mmoja wao hupanda kule juu peku. Bendera ya zamani inashuka, soko zima linanyamaza na kuinua shingo, mpya inafunguka kwa upepo wa bahari, na hapo utasikia sauti moja: Jai Dwarkadhish!

Julai 2021 radi ilipiga pale juu. Bendera iliharibika, jengo likabaki salama. Wenyeji wanasema mwenye mji alilipokea pigo lililokuwa likiwajia wao.

Ni kweli sanamu ya kwanza iliibwa?

Neno "iliibwa" usilitumie mbele ya mtu wa Dakor. Dakor ni mji mwingine wa hekalu, mashariki ya Gujarat. Masimulizi yanamtaja mkulima wa huko, Bodana, aliyekuwa akija Dwarka kwa miguu miaka nenda miaka rudi, mkononi amebeba mche wa tulsi, huo mrihani mtakatifu wa Kihindi. Alipozeeka na miguu kukataa, Krishna alimtokea akamwambia: safari ijayo njoo na gari la ng'ombe, nami nitakwenda nawe. Asubuhi makuhani wa Dwarka wakakuta mahali patupu. Wakawafuata hadi Dakor, na mwisho wakakubali kuiacha sanamu iwapo watalipwa dhahabu ya uzito wake. Bodana hakuwa na kitu. Mkewe akavua kipini cha pua, kikawekwa kwenye mizani pamoja na jani moja la tulsi, na sanamu ikawa nyepesi kuliko kipini.

Makuhani waliahidiwa kwamba watapata nyingine kwenye kisima cha ngazi kiitwacho Savitri, baada ya muda uliowekwa. Hawakusubiri. Walifukua mapema, ndiyo maana, wasemavyo wenyeji, sanamu nyeusi ya mikono minne iliyopo leo ina macho kama yaliyofumba nusu. Mimi huwa nayatafuta macho hayo kila nikiingia.

Nisipokuwa Mhindu naweza kuingia?

Masharti yanawekwa na hekalu lenyewe na hubadilika, kwa hiyo uliza langoni, useme ukweli kuhusu wewe ni nani, na wakikwambia hapana, shukuru uende ufukweni. Wakikuruhusu: viatu nje, simu na kamera zinaachwa kwenye vibanda vya kuhifadhia, mabega na magoti yafunikwe. Sakafu ya mawe huunguza mchana, basi nenda asubuhi. Usinyooshe miguu kuelekea sanamu. Ukipewa kitu cha kula baada ya ibada, hicho ni prasad. Pokea kwa mkono wa kulia kama tulivyofundishwa nyumbani, na kama dini yako hairuhusu kukila, unganisha viganja kifuani kwa upole. Hakuna atakayekasirika.

Ukitoka kwa lango la kusini, Swarg Dwar, ngazi 56 zitakushusha hadi Gomti, mkono wa maji unaokutana na bahari. Wanaoitwa makuhani huko chini ni wengi, na wapo watakaokushika mkono wakufanyie ibada kwanza halafu wakutajie bei. Patana kabla.

Kwa nini mke wa Krishna ana hekalu lake peke yake, nje ya mji?

Kwa sababu ya maji. Rukmini, malkia wa Dwarka, alikwenda na mumewe kumwalika Durvasa, mtawa mkali ambaye hasira yake ilikuwa haichelewi. Durvasa akakubali, kwa sharti kwamba wao wenyewe wavute gari lake badala ya farasi. Wakavuta. Njiani Rukmini kiu ikamkaba. Krishna akabonyeza ardhi kwa kidole cha mguu, maji ya mto Ganga yakachimbuka, naye akanywa. Hakumkaribisha mgeni kwanza. Durvasa akalaani: mtaishi mbalimbali, na nchi hii haitakuwa na maji matamu.

Hekalu la Rukmini liko kama kilomita mbili kutoka mjini, dogo, kuta zake za nje zimechongwa safu za tembo na watu, nyingine zimelika kwa chumvi ya upepo. Ardhi inayolizunguka ni kame kweli, na visima ni vya maji ya chumvi. Sadaka inayoombwa pale mpaka leo ni maji. Unatoa chochote, nayo maji yanaletwa kwa ajili ya wasafiri na wakazi. Kwa mtu aliyelelewa kwenye nyumba ambayo mgeni hupewa maji kabla hajaulizwa habari, kisa hiki hakihitaji tafsiri.

Bet Dwarka ni kitu kingine?

Ni kisiwa, karibu na bandari ya Okha. Zamani ulivuka kwa mashua iliyojaa mahujaji, mbuzi na magunia. Tangu Februari 2024 kuna daraja, Sudarshan Setu, lenye urefu unaozidi kilomita mbili. Wanasema mji ulikuwa mahali pa utawala, na kisiwa ndiko yalikokuwa makazi ya Krishna. Waislamu ni wengi kisiwani, wengi wao wavuvi na mabaharia, na muda mrefu ndio waliowavusha mahujaji wa Kihindi.

Kisa cha Bet ni cha Sudama. Alisoma pamoja na Krishna utotoni, akabaki fukara huko Porbandar. Mkewe akamwambia nenda kwa rafiki yako. Haendi mtu mikono mitupu, basi akafungiwa kitambaani konzi za mchele uliopondwa, kitu kilekile ambacho Pemba na Tanga tunakiita pepeta. Alipoiona fahari ya ikulu akakificha kile kifurushi kwapani. Krishna akakipokonya, akala mbele ya watu wote kwa furaha. Sudama aliona haya, hakuomba lolote. Alipofika kwake akakuta kibanda kimegeuka jumba. Mahujaji hupeleka mchele Bet hadi leo kwa ajili ya konzi zile.

Mji wa kale umezama baharini kweli?

Maandiko yanasema Krishna alipoondoka duniani, bahari iliimeza Dwarka. Tangu miaka ya 1980 wanaakiolojia wa baharini wakiongozwa na S. R. Rao walipiga mbizi hapa na Bet Dwarka, wakakuta mawe ya kuchongwa na nanga nyingi za mawe zenye matundu. Umri wa mabaki hayo wataalamu bado wanaubishania. Jambo lisilo na ubishi ni nanga: hapa vyombo vimekuwa vikitia nanga tangu kale. Mimi hilo linanitosha, na muumini hamsubiri mpiga mbizi.

Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tunahusikaje?

Kwa upepo. Kaskazi iliyowaleta manahodha wa Kutch na Kathiawar hadi Mombasa na Unguja, na kusi iliyowarudisha, ndizo pepo zinazopita juu ya kuba la Dwarka. Wabhatia wa Kutch, jamii ya wafanyabiashara na waumini wakubwa wa Krishna, walikuwa Zanzibar mapema sana. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, mmoja wao, ilishika forodha ya Zanzibar kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, kuanzia enzi za Sayyid Said. Wengi waliofuata, Walohana na wengineo, ambao wajukuu zao utawakuta kwenye mahekalu ya Mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, asili yao ni vijiji vya rasi hii hii. Pesa, laki na gari ni maneno yaliyotufikia kutoka India.

Neno Baniani nalo linatokana na vaniyo, mfanyabiashara kwa Kigujarati. Halikuwa tusi. Sisi ndio tuliolitia ubaya, pamoja na methali ya kiatu. Ukiwa Dwarka sema Mhindu, au mtaje mtu kwa jina la jamii yake.

Nawasalimuje?

"Jai Dwarkadhish" au "Jai Shri Krishna", viganja vimeunganishwa kifuani. Mwanamke mwite ben, mwanamume bhai, baada ya jina lake. Angalia maneno mawili: kaka kwa Kigujarati ni baba mdogo, na mama ni mjomba. Ukimwambia mtu "mama yangu yuko Tanga", ataelewa mjomba.

Nitakula nini?

Mboga, dengu, mtindi, rotlo ya uwele yenye samli, khichdi ya mchele na choroko. Nyama hutaipata karibu na hekalu, na chakula cha hekalu hakitiwi kitunguu wala kitunguu saumu. Pombe imepigwa marufuku Gujarat.

Niende lini?

Novemba hadi Februari hali ya hewa ni nzuri. Janmashtami, kuzaliwa kwa Krishna, huangukia Agosti au mwanzo wa Septemba, na usiku wa manane mji haupitiki. Ukiniuliza mimi, nenda siku za Holi, sikukuu ya rangi, mwezi Machi, wakati wa sikukuu ya Phuldol. Wiki nzima kabla yake barabara ya Jamnagar hujaa watembea kwa miguu kutoka vijiji vya mbali, bendera ndogo mabegani. Kandokando wanavijiji wamejenga mahema, wanagawa chai na chakula bure, na usiku utakuta wanaume wazima wamechuchumaa wanawakanda miguu watu wasiowajua. Nimeshawahi kukandwa. Nilimwambia aliyenikanda kwamba mimi si hujaji. Akauliza kama miguu inauma, nikasema inauma, akaendelea.

Nimletee nini jirani yangu Mhindu nyumbani?

Gopi chandan, udongo wa rangi ya manjano kutoka ziwa la Gopi, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini, ambao waumini wa Krishna huupaka kwenye paji la uso. Bei yake ni ndogo na mizigo hauongezi. Mimi nilimpelekea mama mmoja mzee wa mtaani kwetu, mzaliwa wa Tanga, ambaye Dwarka aliijua kwa kusimuliwa na mama yake tu. Aliufungua udongo kwenye gazeti, akaugusisha kwenye macho, akanikalisha na kunimiminia maji. Kisha akaniuliza swali moja: siku ile uliyokuwapo, bendera ilikuwa ya rangi gani?